Nilimwonea Wivu Lusajo kwa Kupona Kwake

Bwana wetu apewe sifa, ndugu zangu wa Ngonga, nanyi mliotoka Talatala kwa miguu asubuhi hii. Mnanijua. Mimi ni Ambakisye, mkulima wa mpunga, mwimbaji wa kwaya humu ndani. Nimesimama kusema namna Mungu alivyonitoa kwenye mateso mawili: kichwa, na wivu. Wivu ndio uliokuwa mbaya zaidi.

Kichwa kilianza mwaka jana, mpunga ukiwa unaanza kukauka. Kilikuja upande wa kulia tu, nyuma ya jicho, kama mtu anasukuma msumari wa moto kutokea ndani. Jicho linakuwa jekundu na kutoa machozi, kope inashuka, pua ya upande huohuo inachuruzika. Kila siku saa tisa alasiri! Mke wangu alikuwa akiwatoa watoto nje saa hiyo ikikaribia, maana sikuweza kulala wala kukaa. Nilizunguka chumbani nikigonga kichwa ukutani. Baada ya saa moja hivi kinaacha chenyewe, nabaki mzima, watu wananishangaa. Nilimeza panadol, nikatia dawa ya macho, nikaomba hata ning'olewe jino la juu. Lilikuwa jino zima.

Siku hizohizo Ndugu Lusajo, ambaye shamba lake limepakana na langu, naye aliumwa kichwa. Mnakumbuka ile Jumapili mchungaji alipotuita mbele sote wawili akatuwekea mikono. Lusajo akapona. Mimi, saa tisa ya siku hiyohiyo, nilikuwa ukutani.

Jumapili iliyofuata alisimama hapa akashuhudia, mkapiga vigelegele. Ndugu zangu, kwenye benchi la kwaya mimi nilitoa meno tu, moyoni nawaka. Nilimwonea wivu kwa macho yake mawili yaliyofanana. Nilimwonea wivu kila nilipomkuta amejilaza kwenye mkeka baada ya chakula cha mchana, mkono chini ya kichwa, hana habari na saa. Watu wakaanza kumwita akawaombee wagonjwa. Wimbo niliozoea kuuanzisha mimi, akapewa yeye. Na dada mmoja akaniambia, kwa upendo kabisa, nijichunguze kama kuna dhambi nimeificha. Nikawa nikikutana na Lusajo njiani nainama kama natafuta kitu chini.

Nikafika pabaya. Nilipiga magoti nikamwomba Mungu amrudishie Lusajo kichwa chake. Nilifunga siku tatu kwa ajili ya ombi hilo. Lusajo, umekaa pale, na hili unalisikia leo kwa mara ya kwanza. Nisamehe.

Siku ya nne alikuja nyumbani kuuliza habari ya mfereji wa maji wa shambani, nayo ilikuwa saa tisa. Alikuwa hajawahi kuniona nikiumwa. Nilimfukuza, hakuondoka. Alisimama mlangoni akitazama saa ya simu yake mpaka kikaacha: kilidumu saa nzima na dakika kumi. Ndipo akasema, "Ambakisye, hiki chako sicho nilichokuwa nacho mimi. Mimi nilikuwa na malaria. Nilipimwa zahanati Ijumaa, siku mbili kabla ya kuombewa, nikaanza dawa. Kwenye ushuhuda habari ya dawa niliiacha."

Nitasema kweli: nilifurahi. Niliona nimempata. Nikamwambia nitalisema kanisani.

Akajibu taratibu, "Sema. Hata mimi nitasema. Lakini kwanza twende Mbeya ukaonwe."

Ndugu zangu, tulikwenda. Mtu niliyefunga siku tatu ili aumwe, ndiye aliyenibebea begi mpaka stendi ya Kyela.

Daktari wa Mbeya aliniuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Ni upande uleule siku zote? Jicho linatoa machozi? Kikija, unaweza kulala? Aliuliza na sigara. Nilivuta miaka mingi kabla ya kuokoka. Akasema kinaitwa klasta, kwa sababu huja kwa mafungu: wiki kadhaa kila siku, kisha kinapotea miezi, hata mwaka. Panadol haikukiweza kwa kuwa inaanza kazi chenyewe kikiwa kinaondoka. "Si dhambi, hujarogwa, na si jino," akasema.

Tukiwa bado pale, saa tisa ikafika. Nikavishwa barakoa ya oksijeni, hewa ikafunguliwa kwa wingi, nikavuta nikiwa nimekaa na kuinama. Robo saa tu, kikazimika! Nilipoinua uso nikamwona Lusajo analia. Kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili, sikutamani chochote alichonacho.

Daktari alinipima moyo kwa mashine, kisha akanianzishia vidonge vya verapamil vya kuzuia, akanikataza kuongeza au kupunguza mwenyewe. Wiki ya pili maumivu yakapungua, ya nne yakakoma. Anasema huenda yakarudi msimu mwingine. Yakirudi, najua pa kwenda.

Namshukuru Mungu aliyeuona moyo wangu ulivyokuwa na bado akanitumia msaada. Ndaga fijo, asante sana, kwa mke wangu aliyenivumilia. Ndaga fijo kwa Lusajo, aliyesimama hapa akausahihisha ushuhuda wake mbele yenu, wakati mimi nilikuwa bado nimelificha lile ombi langu.

Kama yupo hapa aliyeombewa, mwenzake akapona, yeye akabaki na maumivu, namwambia: Mungu hajakuacha, na aliyepona si adui yako. Mtumaini Bwana, na kesho asubuhi nenda hospitali. Ukiogopa kwenda peke yako, baada ya ibada nitakuwa pale mlangoni. Tutapanda basi pamoja.