Waliambiana Wao kwa Wao

Benchi yetu iko Kamukuywa, pale barabara ya mlimani inapoachana na ya Kitale, mbele ya kibanda cha kahawa cha Waithera. Wenye benchi ni sisi watatu: mimi, Wekoye fundi wa kuchomelea, tunayemwita Jenereta kwa sababu akiwaka hazimiki, na Ngige mnunuzi wa mahindi, Satelaiti, maana habari zote za dunia lazima zipitie kwake kwanza. Asubuhi hiyo habari ilikuwa Vivian, binti ya Kibiwott wa kule juu mlimani. Alikuwa Uturuki akisomea uuguzi, tetemeko likaangusha hosteli yao. Alikuwa amerudi nyumbani wiki hiyo, na Jenereta alikuwa amewaka.

Jenereta: Ati chuo kilijua! Si ardhi ilianza kutikisika kidogo, wakaambiana watoke?

Satelaiti: Waliambiana wao kwa wao, bana. Ujumbe uliingia gurupu ya wenyeji. Wageni hawakuwa kwa hiyo gurupu.

Jenereta: Mtoto wa mtu anawachwa gorofani kama gunia!

Mimi: Pengine walisahau.

Jenereta: Walisahau? Mgeni njoo, mwenyeji apone! Si ndio hiyo? Mgeni abaki ndani nyumba imwangukie, mwenyeji apone!

Waithera: Hiyo methali haina maana hiyo.

Jenereta: Kuanzia leo iko nayo.

Satelaiti: Na hilo tetemeko si la Mungu. Wamechimba chini treni zipite, mpaka udongo umebaki ganda la yai.

Jenereta: Treni gani? Ni serikali! Wanalipua mabomu chini, halafu wanalaza wageni juu yake waone kama nyumba itapasuka!

Pikipiki ikasimama. Akashuka msichana mrefu, mkono wa kushoto kwa plasta. Alikuwa Vivian mwenyewe, anangoja gari la kwenda hospitali Kitale. Waithera akamsogezea kikombe.

— Pole mami, Jenereta alisema, sauti imeshuka. Ni ukweli walikuacha?

— Nilikuwa nafua nguo, Vivian alisema. Likatikisa kidogo, likatulia. Nikachungulia dirishani, nikaona wenyeji wote wako uwanjani na blanketi. Nikajua kuna kitu wameambiwa. Nikaanza kugonga milango ya wageni, nikipiga nduru. Wengi walishuka. Mutinta wa Zambia, tulikuwa chumba kimoja, alikuwa anaoga. Nikamwita. Akasema, ngoja nitoe sabuni.

— Halafu?

— Halafu likaja lile kubwa. Mimi nilikuwa kwa ngazi. Nilivunjika mkono tu.

— Na mwenzako? Waithera aliuliza.

— Walimtoa kesho yake. Mama yake alinipigia simu. Kitu aliniuliza ni kama alikuwa amevaa nguo. Nikamwambia ndiyo, mama, alikuwa amevaa.

Waithera akageuka, akajifuta uso kwa leso. Jenereta alisimama, akagonga benchi kwa ngumi.

— Hao watu washtakiwe! Hao si watu! Huku kwetu hiyo kitu haiwezi! Huku tunaambiana!

— Tunaambiana? Vivian alisema.

— Kabisa!

— Mwaka juzi mlima uliteremka ukafunika nyumba ya shangazi yangu Chelimo, na watoto ndani. Mlisikia?

— Tulisikia, nilisema. Tulichanga.

— Mlisikia wakiwa wamekufa. Sasa mvua imenyesha wiki nzima. Kuna ufa nyuma ya jikoni yetu, baba anaingiza mguu wote ndani. Hebu niambieni, wazee wangu. Huo mlima ukianza kuteremka tena, nani atatuambia tutoke?

Jenereta akakaa. Satelaiti alitoa simu akaitazama, akairudisha mfukoni. Nilimwangalia Waithera, naye akanitazama kama mimi ndiye niliyeulizwa.

Gari la Kitale likapiga honi. Vivian akasema asante ya kahawa, akapanda, na mpaka linaondoka alikuwa bado anatuangalia dirishani.