Mayai Yaliyokuwa Mke Mwenzangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mmezoea kuniona nimekaa nyuma, leso imefunika uso. Leo nimesimama, na sikai mpaka nimseme Yesu. Naitwa Rael. Mume wangu ni Yohana, yule mrefu anayekosa ibada, mnaniuliza kila Jumapili yuko wapi. Yuko kwa kuku!

Yohana alisoma chuo kikuu kule Uganda, na chuo kikampa kazi ya utafiti hapa, kwenye kituo cha mifugo njia ya Rongai. Ni kazi ya majaribio. Akimridhisha Daktari, mzungu anayemsimamia, ataandikwa kabisa. Asipomridhisha, tunarudi kwetu magharibi kulima. Wanachunguza kansa ya kuku. Kuna kitu Yohana anakiita virusi, kidogo hata darubini ya kituo haikioni, nao wanataka kujua kama ndicho kinachowaotesha kuku uvimbe. Hukidunga ndani ya mayai yenye vifaranga. Mayai hukaa kwenye kabati la joto, naye huyageuza na kuyamulika kwa taa aone kama kilichomo kinaishi.

Ndugu zangu, niliyachukia mayai hayo! Jioni anaingia, hata pole sijampa, ananiambia, "Rael, mayai yangu yanaendelea vizuri." Yangu! Nimepika, nimepiga pasi koti lake jeupe, na haniulizi kama mimi naendelea vizuri. Sijajaliwa mtoto, na mume wangu anashinda akipasha mayai joto! Wivu uliniwaka! Angekuwa mwanamke ningemfuata nikampa maneno yake. Yai utaliambia nini?

Tena kituo kina sheria. Anayeshika kuku wa utafiti haruhusiwi kufuga kuku nyumbani, hata mmoja, maana kuku wa nje anaweza kuleta ugonjwa wa kideri ukaua wote. Na kwetu, mwanamke asiye na kuku ni nani? Mgeni akija unampikia nini, mboga za sukuma? Kuku wangu niliwagawa nikilia. Wake wanawashiwa taa, wangu wamefukuzwa. Nikajua nani mke mkubwa.

Nyumbani sikuwaambia, niliona aibu. Basi shangazi yangu aliyenilea akapanda gari la moshi kuja kunisalimia, amebeba kuku jike mweupe kwapani, wa kunianzishia kundi. Alikataa kumweka chini mpaka Yohana aje. Zawadi kama hiyo, kwetu, mwenye nyumba huipokea kwa mikono miwili. Ningeweza kumweleza ile sheria. Nikanyamaza. Nilifurahi! Nikasema moyoni, leo nitajua anampenda nani.

Yohana akafika, akasimama mlangoni. Akamtazama kuku, akanitazama mimi. Akimshika, hatakanyaga chumba cha mayai kwa muda mrefu, na kazi ilikuwa katikati. Akimkataa, shangazi atarudi nyumbani ametukanwa na mkwe. Nilingoja amkatae, nipate haki ya kulia.

Akanyoosha mikono miwili. "Asante sana, shangazi. Karibu nyumbani." Baada ya kumpokea ndipo akamweleza sheria.

"Si ungesema kabla hujamshika!" shangazi akalia.

"Ningesemaje, na umembeba toka kwetu?"

Tukamchinja tukala. Asubuhi Yohana akamwambia Daktari ukweli, na mayai akapewa mtu mwingine, asiyeyajua. Yakafa yote. Yohana alipopata habari alikaa kitandani, viatu miguuni, akalia. Ndugu zangu, si nilikuwa nimeshinda? Mume amenichagua mimi! Lakini nilimtazama analia, na hata machozi yale niliyaonea wivu. Hapo nikaogopa. Nikajua nimefungwa.

Alhamisi nikaja kwa akina mama wa maombi. Wenzangu waliungama mambo mazito. Mimi nikasema, "Ninayaonea wivu mayai." Mlicheka! Mama mmoja alicheka mpaka akashika ukuta. Nikacheka na mimi, nikacheka na kulia pamoja, na katikati ya kicheko kile Yesu akanifungua! Haleluya! Nikarudi nyumbani nikamwuliza, "Yohana, yale mayai yalikuwa yanaonyesha nini?" Alinikodolea macho. Kisha akanieleza mpaka chai ikapoa, kwamba wakijua uvimbe unavyoingia kwa kuku, huenda siku moja wajue unavyowaingia watu. Kumbe miezi yote alikuwa anatafuta mtu wa kumweleza, na mtu huyo alikuwa amenuna jikoni.

Sisemi wivu umekwisha wote. Daktari amempa mayai mapya, na juzi Yohana alipoyasifu, nilibamiza sufuria. Lakini siku hizi nauleta kwa Yesu ukiwa bado moto. Wewe dada, wewe kaka, unayemwonea mwenzako wivu na unaona haya kuusema kwa kuwa ni jambo dogo la jikoni, umletee. Hakucheki vibaya. Mtegemee!

Sasa nina ombi. Kesho Daktari anaamua kama Yohana ataandikwa. Akiandikwa, nitamwona kidogo kuliko sasa, na nyumba yangu haitakuwa na kuku maisha. Simameni, ndugu zangu, tuombe aandikwe. Mimi ndiye ninayeanza.