Miguu Iliyogoma Mlangoni pa Kanisa

Bwana asifiwe, ninyi mliokaa na ninyi mliosimama kwa kukosa viti! Mimi ni Elia Maganga wa Ipuli, Baba Kulwa, mstaafu wa reli. Maikrofoni mnayoiona inacheza hivi si mbovu, ni mkono wangu. Nimeombwa nishuhudie kwa ufupi, nami nitajitahidi, ingawa mtu aliyekaa kimya miezi mingi akipewa nafasi ya kusema, kumnyamazisha ni kazi.

Ndugu zangu, maisha yangu yote yalikuwa miguu. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe kutoka hapa hapa Tabora hadi pwani, akarudi na mzigo wa nguo, na nyumbani tulilelewa tukiambiwa kwamba Mnyamwezi asiyeweza kutembea hajazaliwa bado. Nami nikapata kazi ya kukagua njia ya reli. Kila asubuhi nilitoka na nyundo na spana, nikatembea juu ya mataruma, vile vyuma vinavyolazwa chini kushika reli, nikielekea upande wa Urambo na kukaza bolti zilizolegea. Taruma moja, hatua moja, miaka zaidi ya ishirini. Nisiwafiche, nilijivuna. Nikimwona kijana mzima anapanda bodaboda kutoka Ipuli kwenda sokoni, nilimcheka.

Nilipostaafu, mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Nikasema ni uzee. Hatua zikawa fupi, kandambili zikawa zinaburuzika, mke wangu Mama Kulwa akaniuliza ninaumwa nini, nikamkaripia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikungoja kifo, niliumbuliwa siku ya Sikukuu ya Mavuno.

Wengi mlikuwepo. Mnajua desturi yetu: siku ile tunaingia kwa maandamano, kila mtu na zao lake mkononi, kwaya inaimba, na mzee wa kanisa anatangulia. Mwaka ule nilitangulia mimi, na jogoo wangu kwapani. Nilipofika kwenye kizingiti cha mlango ule pale, miguu ikagoma. Haikuuma wala haikulegea. Ilikuwa kama nyayo zimepigiwa misumari kwenye sementi. Kifua kilitaka kwenda, miguu ikabaki. Nyuma watu wakaanza kusukumana na maboga yao, jogoo naye akapiga kelele.

Hapo Mama Tabitha, kiongozi wa kikundi chetu cha maombi, akapaza sauti: "Kuna kitu kinakataa kuingia nyumbani mwa Bwana!"

Simlaumu, ndugu zangu. Ningekuwa mimi nyuma ya maboga, ningesema hivyo hivyo. Wakaniwekea mikono, wakakemea, wakanivuta, nikaanguka ndani kifudifudi. Jogoo akatoroka mpaka madhabahuni. Vigelegele vikapigwa, pepo limetoka! Nami pale sakafuni, pua inavuja damu, nikaitikia amina.

Jumapili iliyofuata miguu ikagoma palepale. Ikasemwa limerudi na wenzake saba. Jumapili ya tatu sikuja, nikasema nina mafua. Mafua yale yalidumu miezi minane.

Sikuogopa ugonjwa, maana sikujua kama ninao. Nilichokiogopa ni hiki: niliamini Mungu amenikataa mlangoni mbele ya watu. Jumapili Mama Kulwa akiondoka, nilibaki uani nikisikia kengele, nikilia kama mtoto. Nilijikagua kama nilivyokagua reli, nikitafuta ni dhambi ipi iliyolegea. Niliungama mpaka muwa niliouiba shambani kwa mjomba nikiwa darasa la pili. Mjomba mwenyewe alishafariki. Bado miguu iligoma.

Sasa sikilizeni Mungu anavyofanya kazi. Asubuhi moja miguu iligoma tena, safari hii kwenye mlango wa choo, kopo la maji mkononi. Mama Kulwa alikuwa anafagia uwanja. Akaegemea ufagio.

"Baba Kulwa, hebu niambie. Pepo linalochukia kanisa, kwa nini lichukie na choo?"

Akauegemeza ufagio ukutani.

"Basi ukimaliza humo, vaa shati. Tunakwenda hospitali."

Daktari alinitembeza, akaniambia niguse pua, nifungue na kufunga vidole. Mwisho akasema huu ni ugonjwa wa Parkinson. Ubongo unapungukiwa na kitu kinachousaidia kuuamrisha mwili utembee. Tiba ya kuumaliza haijapatikana, lakini zipo dawa na yapo mazoezi. Akaongeza kwamba wengi wenye ugonjwa huu hukwama penye milango, hasa wakiwa wamebeba kitu au wakiharakishwa na watu. Nikamwomba arudie hapo kwenye milango. Akarudia. Ndugu zangu, nilitoa machozi ya furaha! Sijui kama aliwahi kumwona mtu anayeambiwa ana ugonjwa usiopona akamshukuru Mungu kwa sauti. Sikukataliwa! Niliugua tu, kama watu wengine.

Vidonge vililegeza mwili, lakini milango ilibaki milango. Ndipo nikapelekwa kwa Bi Zuhura, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama wa Kiislamu mwenyeji wa mjini hapa, mpole lakini hadanganyiki.

"Shikamoo mzee. Kabla ya kustaafu ulifanya kazi gani?"

Nikamweleza habari za reli.

"Basi kaa kwenye kiti, fumba macho, unipeleke huko kwenye reli."

Nikasita. Kufumba macho na kuona mambo, mimi mzee wa kanisa? Nikamuuliza kama hii si ramli. Akacheka.

"Mzee, ukifumba macho ukamkumbuka marehemu mama yako anavyosonga ugali, umepiga ramli? Mungu ndiye aliyekupa kichwa chenye picha. Tunakwenda kukitumia."

Mara ya kwanza nilijiona kwa mbali, kama mtu wa kwenye televisheni, nimevaa kofia ya kazi. Akanikatiza. "Hapana, usijitazame. Ingia ndani ya miguu yako. Kisigino kinagusa nini?"

Nikakandamiza kisigino sakafuni. Kisha nikausikia, ule moto wa chuma cha saa nne unaopenya soli ya buti. Nikasikia kokoto zikisaga, uzito wa nyundo begani, paja linavyoinuka kulifuata taruma linalofuata. Taruma moja, hatua moja. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, na bado mapaja yalishtuka kama yameitwa jina. Nikafumbua macho. Nililia tena, mtanisamehe, mwaka ule nililia sana.

Tukaenda hivyo wiki baada ya wiki. Kila asubuhi baada ya kidonge nilikaa nikatembea kichwani, halafu nikasimama nikatembea chini. Nikikwama mlangoni, Bi Zuhura alinifundisha nisishindane na miguu. Nisimame, nivute pumzi, niyalaze mataruma matano kichwani kuvuka kizingiti, niyatembee yote ndani kwa ndani, ndipo niinue mguu. Na mtu asinivute. Ilishindikana mara nyingi. Kuna siku nilikuwa nayalaza mataruma sebuleni, nikaanza kuwaza mbuzi wa jirani anayekula mihogo yangu. Mataruma yote yakapotea! Mama Kulwa akanizunguka na sinia la ugali, akaenda kula na kuniacha pale. Alisema haraka haraka haina baraka, atanibakizia mboga.

Hatimaye ikafika Jumapili nikamwambia mafua yamepona.

Tulichelewa, ibada ilikuwa imeanza. Nikafika kwenye kizingiti kile kile, miguu ikagoma vile vile. Kanisa zima likageuka. Nikamwona Mama Tabitha akiinuka, mikono juu, anakuja. Nikajua akinigusa nitaanguka, na nikianguka sitarudi tena humu maisha yangu yote. Mama Kulwa akasimama mbele yangu, akanyoosha mkono.

"Mwacheni," akasema. "Anatembea."

Sikuwa nimesogea hata unywele! Lakini Mama Tabitha alisimama. Nikafumba macho, nikayalaza mataruma yangu matano kwenye sementi ya kanisa, nikayatembea moja moja, sikuruka hata moja. Halafu nikainua mguu wa kushoto, ukatii. Wa kulia ukafuata. Nikaja mpaka benchi la tatu, nikakaa. Hakuna aliyepiga vigelegele, na nilishukuru kwa hilo.

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia nimepona. Nameza vidonge, natetemeka, na wiki iliyopita nilikwama kwenye mlango wa duka la dawa. Nashuhudia kwamba Bwana ameniondolea hofu ya kukataliwa. Alimtumia mke mwenye maswali, daktari na mama mmoja wa dini nyingine. Jina lake litukuzwe! Ombeni, na hospitali mwende. Mungu yule yule yuko huku na huko.

Mmeona leo kiti cha Mama Tabitha kiko wazi. Ameniruhusu niseme. Baada ya ibada ile alinifuata nyumbani, akakaa mkekani. Kisha akanieleza kwamba ana kaka yake Nzega, anatetemeka mikono, na miguu yake hugoma mlangoni. Wamemkemea miaka minne. Mwisho wakamwacha ndani, chakula anapelekewa. Mama Tabitha amekwenda kumchukua. Bi Zuhura anawangoja kesho, na Jumapili ijayo watakuja hapa.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja tu. Mtakapomwona amesimama mlangoni, msimvute wala msimkemee. Mimi nitatoka kwenye benchi langu niende nisimame kando yake, na huenda nami nikakwama, tukawa wazee wawili tumeziba mlango. Mtungoje. Tutakuwa njiani tunakuja.