Barua ya Mistari Miwili

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao, kati ya kibanda changu cha viatu na saluni ya kinyozi tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Bi Kahawa hupita na birika saa kumi jioni, na hapo tunakuwa tumetimia: mimi, Redio, karani mstaafu tunayemwita Faili, na Fundi Saa. Huyu Fundi Saa ndiye aliyekuwa akitutuliza. Mtu akileta uzushi, yeye huuliza tu, "Umeona au umeambiwa?" na uzushi unafia hapo hapo. Kisha mdogo wake, dereva wa lori, akapinduka mteremkoni akafa. Baada ya mazishi, wiki tatu hatukumwona Fundi Saa kijiweni. Siku aliyorudi, alitoa barua ya kampuni mfukoni.

— Someni, alisema. "Ilikuwa ajali ya kawaida. Poleni kwa msiba." Basi. Mtu kawafanyia kazi miaka tisa.

— Hiyo imeficha kitu, Redio akasema.

— Imeficha, Fundi Saa akasema. Mwaka huu wamekufa madereva watatu. Wote walikuwa wamedai mikataba.

— Umeona au umeambiwa? nikamuuliza, taratibu.

— Kuna mambo hayangoji kuonwa, Fundi Viatu.

Faili alivaa miwani, akaigeuza barua kwenye mwanga.

— Mhuri umekaa upande. Nimegonga mihuri miaka thelathini, najua mkono wa mtu mwenye wasiwasi.

— Breki zililegezwa, alisema Redio. Wahenga walishasema, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

— Hiyo inaingiaje hapa? nikauliza.

— Breki si zina mafuta? Mafuta na maji ni ndugu.

Hakuna aliyecheka. Fundi Saa alikuwa akitikisa kichwa kukubali.

— Halafu lile lori, Faili akaendelea, nani kathibitisha kwamba ndilo la marehemu? Namba hubandikwa tu.

— Na ile kona alipopindukia, alisema Redio. Barabara nzima imenyooka, kona ni hiyo moja. Aliyeichora alitumwa.

— Alitumwa, Fundi Saa akasema.

Nilijua tumeshapotea njia. Lakini kila neno lilimnyoosha mgongo rafiki yetu. Tangu msiba alikuwa hawezi hata kushika bisibisi, na sasa uso wake ulikuwa umepata damu. Basi nami nikachangia:

— Hata mazishi waliyaharakisha.

Si kweli. Tuliyapanga sisi wenyewe.

Ndipo akaja mgeni, dereva aliyefanya kazi na marehemu, ambaye siku ya mazishi alikuwa safarini. Alimpa Fundi Saa mkono wa pole, akapewa kikombe, akasimuliwa yote: mhuri, breki, kona. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza.

— Kaka, alisema, asubuhi ya ajali nilikutana naye kwenye yadi ya malori. Alikuwa ametoka safari ya siku mbili na alipangiwa nyingine. Akaniambia anapita kwako kwanza, ajinyooshe kidogo. Alilala muda gani?

Faili alivua miwani. Sote tukamtazama Fundi Saa, naye akawa anatazama mikono yake.

Dereva hakurudia swali. Alikuwa ameuliza tu, kama mtu anavyouliza habari za rafiki.

— Alifika saa kumi na mbili, Fundi Saa alisema. Akaomba mkeka. Mimi ndiye niliyetazama saa, nikamwambia atachelewa kazini, atalala akirudi.

Redio aliinuka, akasema ana mteja, ingawa sote tulikiona kiti cha saluni kikiwa kitupu.

— Nami nilimwona macho mekundu, kaka, alisema dereva. Nikampungia mkono tu.

Akasogea, wakakaa bega kwa bega.