Mama Kaza na Ukuta Usiosogea

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, na afadhali nilitoe mwanzoni lisije likanikaba katikati: nilijiunga na timu ya mbio fupi kwa sababu niliwaona wakisukuma ukuta. Ukutani hakuna wa mwisho.

Ijumaa hii, shule ikifungwa, mwalimu wetu wa michezo anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Kwenye barua za ofisi ana jina lake kamili. Kwetu ni Mama Kaza, jina tulilodhani halijui, hadi alipoliandika mwenyewe kwa chaki kwenye mlango wa stoo ya vifaa.

Waliotutangulia wanasimulia kwamba alikuja akiwa binti mwembamba, filimbi shingoni. Enzi hizo mazoezi yalikuwa kuzunguka uwanja mpaka mtu aone nyota mchana. Kisha mwaka mmoja yakaanza kujengwa madarasa mapya, uwanja ukajaa mchanga na matofali, timu ikakosa hata pa kurukia kamba. Walimu wengine wakasema basi, mbio zisubiri mwakani. Yeye akawapeleka watoto nyuma ya stoo, akawapanga mbele ya ukuta mtupu: viganja ukutani, mwili umeinamia mbele, goti moja juu, kisigino cha mguu wa pili kimeinuka. Kaza! Sukuma kwa nguvu zako zote, papo hapo ulipo. Vitabu vyake vya kozi vinayaita mazoezi ya isometriki. Yeye anayaita kaza-usisonge.

Fundi mmoja alipita na toroli lake, akasimama kushangaa.

“Mama, ukuta huo nimeujenga mwenyewe. Hauendi kokote.”

“Ndiyo maana nimeuchagua, fundi.”

Fundi alicheka hadi mchanga ukamwagika. Lakini siku ya mashindano wale watoto walichomoka kama mbuzi aliyekata kamba. Kombe la mbio za vijiti la mwaka ule bado lipo kwa mkuu wa shule, linazuia mlango wa ofisi usijifunge.

Kwani kuanza mbio ni nini, hutuuliza, kama si kuisukuma ardhi? Na ardhi nayo haisogei. Basi tukavuta chuma kilichofungwa chini kwa mnyororo, tukakaa bila kiti, migongo ukutani, tukasimama kwa vidole vya mguu mmoja mpaka kigimbi kiwake moto. Tukibana pumzi, anapita nyuma yetu: “Pumueni, jamani! Ukuta haujawahi kumkaba mtu.” Leo rangi ya ukuta ule imechubuka kwa viganja, vya warefu juu, vya wafupi chini. Wengine wenye alama zao pale sasa wanaleta watoto wao shuleni, na nimewaona wakienda kuugusa kidogo, kama wanaomsalimia shangazi.

Mimi nilichagua kona, karibu na bomba. Nyumbani tunaongea lugha moja, darasani nyingine, na katika zote mbili nimezoea kunyamaza. Siku moja paja lilianza kunitetemeka, nikashusha mguu haraka kwa aibu. Mama Kaza akainama kama anayefunga kamba za viatu, akasema taratibu, “Usiuonee haya mguu unaotetemeka, mwanangu. Huo ndio unafanya kazi.” Wiki iliyofuata akaniweka kwenye mstari wa kuanzia, mbele ya watu. Nikawa wa mwisho. Sikufa. Muhula uliofuata sikuwa wa mwisho.

Alipoulizwa nani amwandikie wasifu huu, akanitaja mimi. Nikakubaliana na nahodha: niandike mimi, asome yeye, maana ana sauti ya mnadani. Nimeandikia humu stoo, juu ya magodoro ya kurukia, na kila akipita mtu naifunika karatasi. Sasa nasikia ndala za nahodha kwenye korido, anakuja kuichukua. Mkono umeinuka wenyewe kuifunika karatasi, kwa mazoea. Nimeurudisha. Aingie, aisome, acheke panapochekesha, kisha aniachie. Ijumaa nitasoma mwenyewe.

Mwalimu, ahsante kwa ukuta, na kwa kuniona kule konani. Tunakuombea afya njema na asubuhi zisizo na kengele. Sasa songa upendavyo. Na sauti yangu ikitetemeka hapa mbele, wewe unajua maana yake.