Kiguu na Njia na Benchi Lake la Nje ya Mlango

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kama Mama Kiguu na Njia, alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Machi 1952, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, ile ya mwisho kabla ya ghala la makaa. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mlinzi wa ghala hilo na mkewe, aliyekuwa mkunga. Mama yetu alizoea kusimulia kwamba yeye aliyekuwa akiwaambia wanawake wenzake "bado, subiri" hakupata hata nafasi ya kutandika shuka, mtoto kashafika. Aliyemfuata kuzaliwa ndiye huyu mdogo wake anayesoma maneno haya, na ambaye maisha yake yote amekuwa akimwita dada yake kwa nyuma, "Ngoja basi!"

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1960 hadi 1966. Mwalimu wa darasa la tatu alipoona kwamba kumketisha ni kumtesa, alimpa kazi ya kugawa chaki shule nzima, na tangu hapo akawa mwanafunzi mzuri. Alipata kipaimara mwaka 1967 katika kanisa hili hili. Alijibu maswali yote ya katekisimu bila kukwama, na yeye mwenyewe hakuuliza hata moja. Ya kwake yalikuja baadaye.

Baada ya miaka miwili ya chuo cha ufundi, aliajiriwa mwaka 1970 katika kiwanda cha sare, kitengo cha kola, akabaki hapo hadi alipostaafu mwaka 2007. Kazini alikaa kwenye cherehani kutwa nzima, na kola zake zilikuwa zimenyooka kiasi kwamba msimamizi alizitumia kuwafundishia wageni. Nyumbani ilikuwa habari nyingine. Hakuna aliyewahi kumwona akimaliza kikombe cha chai ameketi. Vikombe vyake vilivyoishia nusu tulivikuta dirishani, juu ya tangi la maji, na mara moja ndani ya kabati la viatu.

Tarehe 7 Septemba 1974 alifunga ndoa na fundi wa malori, mtu wa taratibu aliyeweza kukaa chini ya gari saa nzima akifikiri. "Mwenzangu, dunia haiishi leo," ndiyo ilikuwa kauli yake kila mke alipomhimiza. Walipendana kwa ugomvi mdogo mdogo usiokwisha, wakajaliwa watoto watatu: wa kiume mmoja na wa kike wawili.

Alhamisi, tarehe 22 Desemba 1988, jeki iliponyoka gereji na lori likamwangukia mumewe. Siku hiyo marehemu alikuwa akishona nguo za Krismasi za watoto. Mbili zilikuwa tayari, na gauni la kitinda mimba lilikuwa limebaki mkono mmoja. Ijumaa alimzika mumewe. Jumamosi aliushona ule mkono. Jumapili, siku ya Krismasi, aliwaongoza wanawe kanisani wamevaa nguo mpya, macho yake makavu kabisa. Mhubiri wa siku hiyo, ambaye naye hakuwa na nia mbaya, alisema, "Leo hakuna mwenye sababu ya kulia." Marehemu akasimama, akatoka nje. Kurudi nyumbani hakuweza, maana watoto walikuwa ndani. Akabaki anazunguka kanisa hadi ibada ilipokwisha.

Tangu hapo ikawa hivyo. Jumapili za kawaida alijikaza. Sikukuu ndizo zilizomshinda. Krismasi na Pasaka aliwafikisha watoto kwenye safu ya tatu, akawanyooshea kola, kisha akala kona. Watu walimwona kupitia madirisha akipita, na baada ya kitambo akipita tena. Wako waliosema ana majivuno. Wako waliosema imani imemtoka. Mdogo wake alimuuliza siku moja, "Dada, imani ipo kweli?"

"Sijui," alijibu. "Nikiitafuta ndani siioni. Nikienda zangu nyumbani, roho inanisuta. Niache nizunguke."

Familia iliogopa. Tuliogopa kwamba sikukuu moja hatazunguka tena, atakwenda moja kwa moja, na asirudi kwa Mungu wala kwetu.

Krismasi ya mwaka 1996 alitoka kama kawaida yake, akakuta mtu ameketi kwenye ngazi za mlangoni. Alikuwa muuza mkaa wa mtaa wa pili, aliyemzika mkewe mwezi mmoja kabla.

"Na wewe umetoroka?" marehemu alimuuliza.

"Humo ndani kuna furaha nyingi, mama. Mimi sina pa kuiweka."

"Nimezoea. Huu ni mwaka wangu wa tisa."

"Wa tisa! Sasa hapa nje unafanya nini?"

"Natembea."

"Basi kaa kidogo, dada yangu. Unanizungusha kichwa."

Akakaa. Dirisha lilikuwa wazi, na ndani mtoto wa shule ya Jumapili alikuwa akisoma kwa kukwamakwama habari za Mariamu na Yusufu, jinsi walivyokosa nafasi ndani ya nyumba ya wageni na mwana wao akalazwa horini, mahali pa kulishia mifugo. Marehemu alikuwa ameyasikia maneno hayo kila mwaka tangu anagawa chaki. Muuza mkaa akasema taratibu, kama mtu anayejisemea, "Kumbe hata yeye alianzia nje."

Hapo ndipo marehemu alipolia. Hakulia msibani, hakulia makaburini, akaja kulilia kwenye ngazi za kanisa pembeni ya mtu mwenye vumbi la mkaa, hadi watu wa safu za nyuma wakageuka. Baadaye alimwambia mdogo wake, "Miaka yote hii nilidhani nimemkimbia. Kumbe nilikuwa nimesimama upande wake wa mlango."

Pasaka iliyofuata alimwagiza seremala benchi, akaliweka nje, karibu na mlango mkubwa. Mzee wa kanisa aliyehusika na mali akaja juu.

"Mama, benchi hili linaziba njia. Tena watu watasema kanisa letu lina watu wa nje."

"Lina watu wa nje, mzee. Ulikuwa huwaoni kwa sababu hawakuwa na pa kukaa."

Krismasi ilipokaribia, mzee akalifungia benchi stoo. Marehemu alipofika na kulikosa, hakubishana na mtu. Aliingia ofisini, akabeba kiti cha mzee mwenyewe, kile chenye mto mwekundu alichokalia wakati wa ibada, akakiweka mahali pa benchi na kumkalisha hapo mama mmoja aliyefiwa na mwanawe. Mzee aliiongoza ibada nzima akiwa amesimama. Benchi lilirudishwa kabla ya mwaka mpya.

Mchungaji aliyehamishiwa hapa baadaye ndiye aliyemaliza maneno. Kila sikukuu, akishatoa baraka, hutoka kwa mlango mkubwa na kusali kwanza na watu wa benchi, hata kama ni mmoja, ndipo awape wengine mkono. Mwaka 2009 yule mzee wa kanisa alifiwa na mkewe. Alikuja sikukuu iliyofuata, akasimama mbele ya benchi. Marehemu alimsogezea nafasi, akampa chai.

Msidhani alipoa. Hata kwenye benchi lake mwenyewe hakukaa. Aliinuka kila dakika kuangalia nani mwingine anatoka. Wala hakupenda kuambiwa kwamba Mungu amemponya. "Bado nina kesi naye," alisema. "Ila siku hizi tunaisikiliza nyumbani kwake." Lakini aliomba kila asubuhi, huku akifagia, kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani aliye chumba cha pili.

Mwaka 2019 figo zilianza kushindwa, akalazimika kwenda hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu. Mtu wa kiguu na njia, kufungwa kwenye kiti kwa saa nne! Alilalamika, akawatania wauguzi, akawajua wagonjwa wote na misiba yao. Desemba hii nguvu zilimwisha. Jumapili iliyopita kitinda mimba wake, aliyekuwa akimuuguza, alishindwa kujizuia.

"Mama, Krismasi ni wiki ijayo. Nitakaa wapi mimi? Ndani siwezi. Na kwenye benchi bila wewe siwezi."

Marehemu alimjibu, "Usinifanye mimi ndiye Mungu, mwanangu. Kaa popote miguu itakapokuishia. Atakuja mwenyewe."

Alifariki Jumanne, tarehe 20 Desemba 2022, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa bintiye huyo.

Ameacha watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, kitukuu mmoja aliyeanza kutembea kabla ya kutambaa, na mdogo wake huyu. Ameacha pia muuza mkaa, ambaye familia imemwomba aketi nasi leo mbele, miongoni mwa wafiwa.

Leo ni tarehe 24. Kesho ni Krismasi, na tumebishana tangu juzi bila kupatana nani ataweza kuingia ndani na nani atabaki nje. Hatujui tutakaa wapi. Tunachojua ni kwamba tutakuja.

Bwana ampe pumziko ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kujipa. Amina.