Kigoda cha Mzee Aregae Juu ya Swichi

Kuanzia Kalokol hadi Kakuma hakuna fundi wa umeme anayenifikia mimi, Namuar. Stima ikisikia nimekohoa inajizima yenyewe. Karakana ilipotafuta mtu wa kumwandikia Mzee Aregae wasifu, ilibidi waje kwangu, hata kama shule niliiachia darasa la saba.

Mzee anastaafu Ijumaa hii, baada ya miaka ishirini na saba hapa Lodwar. Alianza na redio na pasi. Boda za umeme zilipofika na watu wakaanza kuzichajia nyumbani, mafundi wenzake walicheka: "Pikipiki inakula stima? Itakula na fundi!" Yeye akafungua chaja moja, akaikagua siku nzima kama mbuzi mgonjwa. Tangu hapo hakuna chaja iliyomshinda.

Masharti yake yalituchosha. Chaja ikinuka kuungua au plagi ikipata moto, haifungwi selotepu. Inang'olewa, inawekwa mpya inayolingana na betri, kwa laini yake yenyewe kutoka boksi la mita. Nondo ya athi, ile inayopeleka stima mbovu ardhini, aliizamisha sana na kuimwagia maji, maana mchanga wetu ni mkavu. Mama mmoja wa Lorugum alimuuliza kama anapanda mti. "Ndiyo, mama," akajibu, "na matunda yake ni watoto wako wakiwa wazima."

Lakini alama yake ni kigoda. Akishazima swichi kubwa, hutundika juu yake ekicholong, kile kigoda chake cha kukalia na kulazia kichwa. Hapa Turkana, kufuli linaweza kuvunjwa; kigoda cha mzee nani akiguse? Kisha hupima na tesita mara mbili, ndipo anashika waya.

Mwezi wa pili tulienda Kakuma kwa mama Achol, mkimbizi kutoka Sudan Kusini. Chaja ya boda yake ilikuwa inapiga watu shoti. Mzee akazima, akatundika, akapima, akachuchumaa mchangani. Mimi niliachwa nilinde swichi. Achol akaona aibu: mgeni mwenye mvi anachuchumaa, kigoda chake kinaning'inia ukutani!

"Kijana, nimpelekee akalie?"

Nilikuwa nawasimulia wasichana wawili jinsi stima inavyoniogopa. "Peleka tu, mama. Si ni kigoda tu?"

Akapeleka. Mzee alipokiona miguuni pake alifungua mdomo apige kelele, lakini Lam, kaka yake Achol, alikuwa ameshaingia kutoka juani akihema kwa joto, akakuta feni imelala na swichi haina kitu. Akawasha.

Mzee alipona. Siku hizi anasalimia kwa mkono wa kushoto.

Mzee Aregae, karakana nzima inakushukuru. Mbuzi wako wanenepe, kivuli chako kisikauke, na kigoda chako sasa kikalie tu.

Programu ya sherehe imeandika unastaafu kwa umri. Umri ulikuwa bado miaka mitatu. Kilichokutoa kazini ni ule mkono wa kulia, na aliyeuunguza ni mimi.